Alinanuswe Mwalubunju, Fundi wa Vifuniko vya Injini, na Chumba cha Ndizi

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Lupepo na wa Bagamoyo ya Tukuyu, na ninyi mliotoka Mbeya na ukungu huu, mwenye pa kukaa akae, kwa kuwa maelezo haya ni marefu kidogo, na mama mzazi wa marehemu, Prisca, ameomba yasomwe yote, hata pale ambapo msomaji, mjomba Hezron, angependa kuruka.

Marehemu Alinanuswe Meshaki Mwalubunju, ambaye wengi mlimwita Nuswe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huko Igogwe, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Meshaki Mwalubunju, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai hadi alipofariki mwaka 2014, na Prisca, mkulima wa hapa Lupepo. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1999 hadi 2005, akaendelea na sekondari Tukuyu hadi kidato cha nne mwaka 2009, ambako hisabati ilimkubali na Kiingereza kikamkataa, na mwaka 2010 mama yake akampeleka chuo cha ufundi Mbeya kusomea kunyoosha bodi na kupaka rangi, akitegemea mwanawe atarudi kunyoosha Noah na Hiace za mjini, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja.

Mwaka 2012 aliajiriwa Mbeya katika gereji ya Bwana Yohane, ambaye yuko nasi hapa, anayeandaa magari ya mashindano, yale madogo ya kiti kimoja ambayo injini yake hukaa nyuma ya dereva, na huko akapewa kazi ya kutengeneza vifuniko vya injini kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi, vile vinavyoanzia nyuma ya kichwa cha dereva na kuteremka hadi mkiani. Mama yake alipokiona kimoja kwa mara ya kwanza aliuliza kama hilo karai la kunyweshea ng'ombe lina wateja, Nuswe akacheka, akasema mama, ng'ombe huyu anakimbia kilometa mia mbili kwa saa, kisha akamweleza, kama alivyomweleza kila mwenye masikio, kwamba upepo ukishapita juu ya kofia ya dereva unatafuta pa kulala, na kifuniko kikiwa kinene au kikikatika ghafla upepo unavunjika na kuzunguka ovyo, bawa la nyuma linakosa wa kulikandamiza, na gari linateleza kwenye kona. Kwa hiyo kifuniko hubanwa kiunoni, ila kikibanwa mno injini inachemka, hivyo lazima kiwe na mdomo wa kuingizia hewa ya baridi na matundu ya kutolea ya moto. Juu ya hayo kuna kitabu cha kanuni za mashindano, ambacho hakiulizi upepo unataka nini, kinasema tu kifuniko kisipande juu kuliko bomba linalomkinga dereva gari likipinduka, kisiwe na kipande kinachochezacheza, matundu yasizidi kipimo, na msimamizi aweze kukifungua kwa mikono mitupu moto ukitokea. Nuswe alizoea kusema kanuni inachora nusu, upepo unachora nusu, yeye kazi yake ni msasa.

Tarehe 12 Agosti 2017 alifunga ndoa takatifu na Tumpe, katika kanisa hilihili mnaloliona, wakajaliwa watoto wawili, Lukasi aliyezaliwa 2018 na Atupele aliyezaliwa 2021. Mwaka 2019 alihamishia kazi yake Tukuyu, katika nyumba ya mama yake ya mjini, mtaa wa Bagamoyo, vifuniko akiviunda barazani na kuvipeleka Mbeya kwa gari la mizigo, na hapo ndipo alipochukua sufu nyekundu ambayo mama yake alikuwa akimfumia Lukasi sweta, akaikata vipande vya kidole kimoja, akavibandika kwenye kifuniko kizima, akakifunga juu ya pikapu ya rafiki yake Boniface, na kumpandisha mama nyuma, amejifunga kanga kichwani, ili gari likishuka barabara ya Kyela aangalie nyuzi zipi zinalala na zipi zinacheza. Mama alirudi macho mekundu, akalalamikia mgongo, akalalamikia sufu yake, kisha akaonyesha pale begani kushoto akisema hapo palikuwa na ngoma, na Nuswe akapiga alama ya chaki palepale, akasema asante fundi. Siku hiyo mama aliielewa kazi ya mwanawe, na hakumwambia.

Mwezi Novemba 2023 kanuni zilibadilika, vifuniko vyote vikatakiwa kushushwa sentimeta kumi kabla ya msimu mpya, na wenzake wa gereji wanajua kwamba hilo si jambo la kukata kipande juu na kupaka rangi, kwa maana ukishusha mgongo injini inakosa nafasi, ukiipa nafasi kwa kupanua mbavu upepo unavunjika, na kalibu za zamani zote zinakuwa kuni. Bwana Yohane alihitaji vifuniko sita, na mvua za Rungwe mnazijua, faiba barazani haikukauka, tena mama alikuwa akikaangia maandazi baraza hiyohiyo, wateja wakinusa ile gundi wakaanza kusema mama Prisca, maandazi yako leo yamepakwa rangi ya kucha? Ndipo mama alipomwambia ahamie chumba cha kuvundikia ndizi, ambacho dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa mbao na kukandikwa udongo ili joto lisitoke, na kweli humo faiba ilikauka kwa siku moja. Nuswe aliomba mara moja afungue dirisha nusu. Mama alijibu kwamba ndizi za soko hazitaiva, akamwuliza huo upepo wake unamlisha nani humu ndani, na Nuswe hakuomba tena, akafanya kazi humo kuanzia Desemba hadi Machi, akipiga msasa kwa barakoa ya kitambaa, akitoka mweupe vumbi hadi kope. Vifuniko vyote sita vilipita ukaguzi.

Mwezi Juni 2024 alianza kukohoa, akatibiwa Tukuyu, akapata nafuu, akaumwa tena, na mwezi Januari 2025 mama yake alimsindikiza hospitali ya Mbeya, ambako daktari alimwuliza anafanyia kazi wapi, chumbani au mahali penye hewa. Nuswe alijibu kwamba anafanyia nje, barazani, daima. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi palepale, akajua mwanawe anamfichia aibu yake, akamwacha daktari aandike alichoambiwa, na njiani kurudi Nuswe alimnunulia mama maparachichi pale Uyole, wala hawakulizungumza, siku hiyo wala baadaye. Tumpe, aliyebaki nyumbani na watoto, hakulijua hilo hadi juzi, alipoambiwa na mama mwenyewe.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, mapafu yakiwa yamechoka. Madaktari hawakusema kwamba ni kile chumba, na mama hadai kujua wasichokijua, watu wamekuja kumwambia ni mipango ya Mungu naye amewaitikia, lakini ameona si haki mwanawe azikwe na uongo alioutoa kwa ajili yake, kwamba alifanyia barazani. Hakufanyia barazani. Aliomba dirisha akanyimwa, na aliyemnyima ni mama yake, mtu ambaye alishaambiwa kwamba hata injini ikifunikwa lazima iachiwe pa kutolea hewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tukuyu na Mbeya, majirani waliokesha nasi, Bwana Yohane na vijana wa gereji waliobeba jeneza kutoka barabarani hadi hapa, pamoja na akina mama waliopika, ndaga fijo, asanteni sana. Ndizi mlizokula jana zilitoka katika chumba kile, kwa kuwa jana asubuhi mama alichukua shoka akazivunja mbao za dirisha, joto la kuziivishia soko likatoka, na Bwana Yohane, hicho kifuniko kilichobaki humo, kile cha pikapu, ni chako, kitoe taratibu, bado kina nyuzi nyekundu.

Lala kwa amani, Nuswe. Dirisha liko wazi.