Mawe ya Amani ya Cyprien

Mimi nilikuwapo, kwa hiyo mutulie. Mwaka wa elfu mbili na mbili, lava iliposhuka mulimani na kukata Goma vipande viwili, nilisimama mtaa wa Murara nikaitazama usoni mpaka ikageuza njia. Miezi mitano baadaye, waasi wa rébellion wakiwa bado wameshika barrière zote za barabarani, kila asubuhi nilikuwa kwenye ubao wa Mama Léoncie, muuza kahawa. Ubao mumoja juu ya mawe mawili meusi. Mbele yetu, palipokuwa mitaa, ni jiwe tupu. Hakuna mutu angeweza kukuonyesha parcelle yake, kiwanja chake, inaanzia wapi. Tulikuwa watatu: Docteur, aliyefagia dispensaire ya wagonjwa miaka miwili na tangu hapo anapima watu kwa macho, Concile, aliyekaribia kuwa katekista, na mimi, ninayeitwa Témoin, yaani shahidi, na sababu munaiona.

Habari ya siku ile ilikuwa Cyprien, musukuma chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili. Zamani, ukimukanyaga kidole leo, atakutusi mpaka Pasaka. Tangu mwezi wa pili hasira imekwisha. Kila alfajiri anakwenda juu ya lava, anapiga magoti, anaomba, anaimba wimbo mumoja, anaweka jiwe moja chini, anarudi akitabasamu. Pasta wake ndiye alimufundisha: kila jiwe ni hangaiko moja umelitua.

Docteur: Ule mutu hana amani yoyote. Eko na mazuku.

Mimi: Mazuku tena?

Docteur: Ile hewa mbaya inalalaka chini, inaua mbuzi bila kelele. Akipiga magoti, pua iko karibu na jiwe. Anavuta kidogo kila siku. Kidogo haiue, inatuliza tu. Nimeona wagonjwa wa vile.

Mama Léoncie: Uliwaona ukifagia chini ya vitanda vyao.

Docteur: Ndiyo maana mimi naombaka nikisimama. Amani sipati, lakini niko muzima.

Concile: Hapana, siri iko kwa saa. Saa kumi na moja ya alfajiri mbinguni hakuna foule, hakuna musongamano. Mimi naamuka saa mbili, nakuta wamama wa Butembo wameisha kujaza mulango tangu usiku. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Mimi: Hiyo inaingilia wapi?

Concile: Inaingilia kuamuka mapema.

Niliona wanapotea, nikawapa ukweli. Niliwaambia hasira ya Cyprien haikwenda mbinguni wala popote, ilirudi mulimani. Mulima ulitapika hasira yake yote, ukabaki na njaa, sasa unanyonya ya watu wa karibu. Hata askari wa barrière ya Ndosho, juma lile, waliniomba karatasi moja tu badala ya tatu.

Concile: Basi wakubwa wote wa rébellion waletwe hapa, kila mumoja aweke jiwe lake, vita iishe.

Docteur: Wale mahangaiko yao ni mengi. Mawe hayatatosha.

Mama Léoncie: Goma hii? Mawe yasitoshe?

Tulikuwa bado tunacheka Cyprien alipofika, magoti meusi, uso umetulia kama maji ya beseni. Akasalimia kila mutu kwa jina lake la ubatizo, jambo lililotuudhi, akaomba kahawa.

Concile: Leo umetua nini, ndugu yangu?

Cyprien: Wivu.

Docteur: Na jana?

Cyprien: Kiburi. Juzi ilikuwa usingizi mubaya.

Concile: Tazameni ule mustari wa mawe kule, umenyooka kama wa maçon anayejenga ukuta. Haba na haba hujaza kibaba. Mutu anaomba, na maombi yanaonekana kwa macho.

Tukatazama, na kweli ulikuwa muzuri. Docteur mwenyewe alikubali kwamba kwa mutu wa mazuku mukono hautetemeki.

Hapo ndipo mama mumoja alifika, mufuko kichwani, vumbi ya Rutshuru mpaka magotini. Mama Emerance, mujane, jirani wa Cyprien kabla ya lava. Siku ile ya moto alikimbilia kwa dada yake na watoto, na vita ikamufungia barabara mpaka juma lile. Alitua mufuko, akatusalimia polepole, mumoja mumoja.

Emerance: Papa Cyprien, nimetoka kule juu ya lava. Ile kona ya bati inatokeza kwenye jiwe, ni paa yangu.

Cyprien: Ndiyo, mama.

Emerance: Nyumba yangu iko chini yake.

Cyprien: Ndiyo, mama. Pole sana.

Emerance: Sasa mbona mawe yako yamezunguka ile bati? Paa yangu imebaki ndani, kwako.

Cyprien alikunywa kahawa bila haraka.

Cyprien: Mama, mimi sipimaki. Mimi naombaka. Pale moyo unaponituma, naweka.

Concile: Mambo ya roho hayana mètre, mama.

Emerance: Na kesho utaweka?

Cyprien: Nitaweka. Umebaki woga kidogo.

Emerance: Woga wa nini?

Cyprien: Wa wewe kurudi. Ulikuwa unaninyima usingizi sana. Lakini namushukuru Mungu, sasa hata nikikuona, niko na amani.

Alisema kwa upole kabisa, akamurudishia Mama Léoncie kikombe, akaenda kwa chukudu yake akiimba. Mama Emerance alimutazama mpaka akapinda kona. Halafu akatugeukia sisi watatu wa ubao.

Emerance: Wapapa, yeye amepata amani. Mimi na watoto wangu wane, tutajenga wapi?

Kila nikisimulia habari hii, hapa nasemaka kwamba kimya kilitushika, Docteur akatazama viatu vyake, Concile akatazama mbingu, hakuna aliyefungua kinywa. Yale mengine yote niliyaona kwa macho yangu. Kile kimya tu ndicho nimetunga. Kuna mutu alimujibu. Alimwambia, «Mama, anza na wewe kuomba kila asubuhi, utazoea.» Mutu yule ni mimi.