Kidole cha Lonnie Bascombe

“Wanajuaje, Del?” Lonnie Bascombe aliniuliza hivyo mchana mmoja wa Juni mwaka 1974, tumekaa kwenye benchi la wachezaji wa besiboli, barafu imefungwa begani mwake kwa taulo, na wanaume kumi na watano waliokuwa pale wakaanza kutazama viatu vyao. Sikilizeni wanangu, wewe Lorna na wewe Wade, zimeni hiyo televisheni mkae karibu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno, na nilichowaitia si nyumba wala gari.

Hivyo viwili tuvimalize upesi. Nyumba ya Mtaa wa Fulton ni yenu wawili sawasawa. Lorna asisukumwe kuiuza kwa kuwa Wade anataka, na Wade asinuniwe kwa kutaka. Gari la mizigo ni la Wade, nalo linavuja mafuta, usiliamini barabara kuu. Nilazeni kando ya mama yenu Marlene, na kwenye jiwe msinichongee mpira wala glavu. Andikeni jina na miaka, basi.

Miaka kumi na saba nilirusha mpira ili tule, timu kumi na mbili, mabasi yenye vyoo vibovu na moteli zenye kuta unazosikia jirani akikohoa, na kila masika mama yenu aliniuliza tunahamia wapi, nikamtajia mji ambao mimi mwenyewe sijaufika. Katika miaka yote hiyo ligi kuu iliniona siku kumi na moja. Mmekua chini ya siku hizo: ile picha yangu ukutani, na ule mpira ndani ya kisanduku cha kioo juu ya televisheni, mpira wa mchezo pekee niliowahi kushinda kule juu. Wewe Wade ulirudi kutoka shule na mdomo uliopasuka kwa ajili ya mpira ule, kwa sababu mtoto mmoja alisema baba yako ni mwongo. Nilikupongeza siku ile. Nisamehe.

Juni ile ya 1974 meneja wetu, Burl Tackett, alituita mimi na Lonnie ofisini kwake, amevaa soksi tu, anakula tufaha, akasema ligi kuu wanataka mrushaji mmoja mwisho wa mwezi na kwamba atakayebaki ataachwa aende kwao. Tulipotoka nje Lonnie alicheka. “Basi, mzee, nikienda mimi utanibebea begi, ukienda wewe nitakuibia viatu.” Tulikuwa tumelala chumba kimoja misimu mitatu. Ndiye aliyekushika kanisani ulipobatizwa, Lorna, nawe ukamtapikia tai.

Lonnie alinizidi, na ni mimi ninayesema. Mpira wake wa kupinda ulimjia mpigaji usawa wa kifua, halafu ukaanguka magotini kama umekatiwa kamba. Lakini mpira wa namna hiyo unaishi kwa siri: mpigaji asiyejua kama unakuja wa kasi au wa kupinda ni kipofu, na anayejua, hata mimi kitandani hapa ningeupiga ukavuka uzio. Juni ile wapigaji walianza kujua. Waliipiga mipira yake kila mji tuliokwenda, wakamkejeli kutoka benchi la wapinzani: “Bascombe, leta mwingine huo, mama yangu naye anautaka.”

Nilikiona kinachomwumbua kwenye mchezo wa tatu wa kupigwa hivyo. Wengi wetu tulivaa glavu na kidole cha shahada kikiwa nje, mgongoni mwa glavu. Lonnie alipokuwa akitafuta mshiko wa mpira wa kupinda ndani ya glavu, kidole kile kiliinuka, kidogo tu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Ukija mpira wa kasi, kililala, na mpigaji akajua kabla haujarushwa. Dawa yake ni kipande cha ngozi cha kukifunika. Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa na ugonjwa huo miaka tisa kabla, na mrushaji mzee tuliyekuwa tunagombea naye nafasi aliniambia siku ileile aliyouona, akanishonea ngozi kwa mkono wake.

Kesho yake baada ya mchezo ule wa tatu, tunakula mayai, Lonnie akaniuliza peke yangu. “Del, wewe una macho. Kuna kitu nafanya?”

Nikamtazama. Nikamwambia, “Sioni kitu. Mkono wako umechoka tu, Lonnie.”

Aliniamini. Mtu anayeambiwa mkono umechoka, naye ana wiki mbili tu, hupumzika au huulazimisha, na yeye hakuwa na nafasi ya kupumzika. Akaulazimisha, kila siku kwa nguvu zaidi, mpaka tarehe ishirini na saba kiwiko kikalia. Tulikisikia benchini, kama mti mbichi unavunjwa. Tarehe ishirini na tisa nikapanda ndege kwenda ligi kuu. Yeye akarudi Arkansas kwenye kiwanda cha kuku, na mpaka leo mkono ule haufiki kichwani. Mkewe ndiye humchana nywele. Kila Desemba anatutumia kwa posta ile jamu ya tini mnayoigombania, na kadi, na chini ya salamu anaandika yaleyale: bado sijui walijuaje.

Wade, nakuona unataka kunitetea. Ngoja. Utasema wapigaji walikiona, na pengine nusu ya benchi letu, kwa hiyo kosa ni la wengi. Lakini wao hawakuulizwa wakila mayai. Niliulizwa mimi. Utasema Tackett ndiye aliyetugonganisha, na ni kweli, watu wale walitupima kama ng'ombe wa mnada, na hasira yangu juu yao naondoka nayo, siombi mniondolee. Lakini Tackett hakunitungia ile sentensi. Utasema Lorna alikuwa mchanga na tulihitaji kula. Lonnie naye alikuwa na watoto wawili. Usimtumie dada yako kama pazia.

Mama yenu nilimwambia baada ya miaka ishirini. Hakupiga kelele. Aliacha tu kufuta vumbi kwenye kile kisanduku, na mlipouliza kwa nini, alisema mkono wake haukifikii.

Mwaka huu nimempigia Lonnie simu mara tatu ili nimwambie. Kila mara ananitangulia kuuliza kama nakula, nami najibu kuhusu supu. Anakuja Jumamosi kwa basi, kwa kuwa mkono haugeuzi usukani, na daktari, ingawa ana adabu, amenionyesha kwamba Jumamosi si yangu.

Nipeni maji. Kidogo.

Jana Lonnie alizungumza nawe kwa simu, Lorna. Ameandika kurasa mbili za kusoma... kaburini. Alikusomea mstari wa kwanza, ukaja kunisimulia ukilia, ukidhani unanifurahisha. “Del ndiye peke yake aliyeniambia ukweli kuhusu mkono wangu.” Hivyo ndivyo alivyoandika.

Asiusome. Wanangu, asiusome.

Ule mpira mpeni. Akiutupa mtoni, msiuokote. Akiwafokea... simameni pale mfokewe, msijibu.

Njooni. Wade, kichwa chako, huku. Mungu awape watu wa kuwaambia mnapokosea. Awape na ninyi... kinywa cha kuwaambia wengine, siku ileile. Mpendane. Nawabariki, ninyi na watoto wenu, kwa mkono huu, ndio nilio nao.

Lorna. Kampokee kituoni wewe. Mkalishe kwanza, ana miguu mibovu. Kisha mwambie kilikuwa kidole. Mwambie nilikiona.