Mama Futikamba na Nyumba Zetu za Ufukweni

"Kwani hilo wimbi limekuandikia barua kwamba linakuja?" Jirani mmoja alimuuliza dada yetu hivyo mwaka 2007, alipomkuta amepiga magoti akipima nguzo za nyumba ya jirani huyo. Dada alijibu bila kuinua kichwa: "Haliandiki, jirani. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Marehemu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Futikamba kwa ule utepe wa kupimia asioachana nao, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto wanne, katika nyumba ya udongo iliyokuwa hatua arobaini tu kutoka baharini. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, kisha akasomea ujenzi katika chuo cha ufundi, msichana pekee darasani.

Mwaka 1980 aliajiriwa ofisi ya ujenzi. Siku moja alimkuta fundi mwashi akijenga stoo, akashusha timazi na kusema, "Kaka, ukuta wako umelala." Fundi akamjibu, "Basi njoo uusimamie." Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1983, na Mungu akawajalia watoto wawili. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2015.

Kuanzia mwaka 2006 marehemu alipewa kazi ya kukagua ni nyumba zipi za kijiji chetu zingehimili tsunami, lile wimbi kubwa linalosukumwa na tetemeko la chini ya bahari. Alipima unene wa kuta, kimo cha sakafu, umbali kutoka ufukweni. Aliingia nyumba zote 143. Tisini na nane alizipiga alama nyekundu mlangoni, yaani hazifai. Alizisifu zile za nguzo zenye uwazi chini, kwa kuwa maji yangepita zake bila kugombana na mtu.

Lakini watu waliuonea haya uwazi ule, wakisema unafanana na banda la mbuzi. Wakauziba kwa matofali, wakapata na vyumba. Na mimi niliziba. Dada alikuja, akaugonga ukuta wangu mpya kwa kidole, akasema, "Mdogo wangu, maji yakikosa pa kupita yataondoka na nyumba." Hakunigombeza. Alitoa rangi yake nyekundu, akaipaka mlangoni kwangu.

Ripoti aliipeleka mara tatu. Mara tatu iligongwa muhuri, basi. Alipostaafu mwaka 2021 nyumba nyekundu zilikuwa zimefika 119.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akalazwa mara nne. Wiki ya mwisho aliniuliza, "Umeubomoa?" Nikasema, "Bado, dada, nitaubomoa." Akatabasamu tu, alikuwa ananijua. Alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi. Ukuta bado upo. Wajukuu wangu wanalala katika chumba hicho cha chini.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na sisi wadogo zake watatu. Mungu ampe pumziko, kwa maana kwetu hakulipata.

Wengi mmehema leo kulipandisha jeneza mpaka huku kilimani, na wengine mmeuliza kwa nini asizikwe kule chini na wazazi. Ni yeye aliyeomba. Alisema: "Nizikeni juu kule, ili mkija kuniona muizoee njia."