Walezi wa Maneno wa Chumba cha Pasi

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Matroni, na wafanyakazi wenzetu mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza:

"Nyie wafua mashuka, hicho Kiingereza kigumu mnakwenda kumsomea nani? Mapovu?"

Swali hilo tuliulizwa na jirani wa mwenzetu, mama mpiga pasi, siku alipotukuta njiani tunatoka darasani tunabishana. Tulicheka naye, maana jibu hatukuwa nalo. Leo tunalo, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba tumelipata kwa heri.

KARIBU

Karibu katika chumba cha pasi. Utuwie radhi kwa joto. Pasi tumezizima zote, ila kuta bado hazijapata habari.

TULIKOTOKA

Darasa hili lilianzishwa na sista wa wodi ambaye sasa amestaafu, anaishi kwa mwanawe. Alikuja kuchukua mashuka, akatukuta tumelikodolea macho bango la ukutani. "Jamani," akasema, "ukuta unasema nanyi kila siku, na nyie hamuujibu?" Wengi wetu tuliishia shule ya msingi. Kiingereza cha kusalimiana tunacho. Kile cha mabango na cha madaktari ndicho kilichokuwa kinatupita juu ya vichwa.

Tukaanza kubaki kidogo baada ya kazi. Sista alituachia utaratibu ambao hatujauvunja mpaka leo: kila neno lina mlezi wake. Ukipewa neno unakwenda nalo nyumbani, unakaa nalo, unakula nalo, hata upate mfano wa maisha yako mwenyewe. Ndipo unasimama hapa na kulieleza. Kabla ya hapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulieleza. Ndugu yetu wa boila, anayetuchemshia maji ya kufulia, alipewa "reluctant", akasimama akasema, "Ni mimi, Jumatatu asubuhi, mke wangu anapovuta blanketi." Hakuna aliyelisahau. Mshona viraka akapewa "meticulous", akasema ni kufumua mshono mzima kwa ajili ya uzi mmoja uliopinda.

YANAYOTUKWAZA

Kamusi yetu ni moja, nayo imeliwa na unyevu. Inaanzia herufi ya D. Taa ya upande wa dirishani inawaka inapotaka. Na sisi wenyewe tuna kasoro ambayo hatuwezi kumtwika mtu mwingine: tukishajua maneno machache, tunaona aibu kusema kuna tusilolijua.

MAOMBI

Tunaomba kamusi yenye mwanzo. Tunaomba chumba hiki tuendelee kuachiwa jioni. Na ombi la tatu, ambalo tumelipima sana kabla ya kuliandika: daktari akishampa mtu majibu, amuulize, "Umeelewa nini?" Asitosheke na "yes". Hasa ikiwa aliye mbele yake amevaa sare ya hospitali na anajua kusema "I appreciate".

DUA

Dua kwa kawaida hukaa mwisho. Sisi tunaitanguliza, kwa sababu ya hilo litakalofuata. Mungu akupe afya, mgeni rasmi, aiongoze mikono ya madaktari wetu, awainue wote waliolala juu ya mashuka tunayoyafua, na awarudishe makwao wakitembea. Ni sisi, Kikundi cha Walezi wa Maneno.

TULICHOVUNA

Tulichovuna ni kingi, lakini tunasoma kimoja tu, kwa idhini ya mwenyewe.

Mama mpiga pasi aliota uvimbe chini ya kwapa. Akapimwa, akaitwa kuchukua majibu. Daktari alimweleza vizuri, kwa upole, kwa Kiingereza, maana alikwisha kusikia kwamba akina mama wa kufulia wanasoma. Yeye akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa kila kitu. Akasema, "Thank you, doctor. I appreciate." Akatoka na neno moja tu kichwani: "benign".

Neno hilo alilijua kwa jina. Mlezi wake alikuwa mama mkunja mashuka, na alikuwa hajalieleza. Naye mkunja mashuka alikuwa haji tena darasani. Mpiga pasi aliwahi kuunguza shuka, mkunja mashuka akalinyanyua mbele ya watu wote: "Meticulous ndiyo hii, shoga? Au umempikia mgonjwa mkate?" Watu walicheka. Mpiga pasi hakucheka. Salamu ikakatika, wakawa wanapishana na matoroli yao kama wageni, naye mkunja mashuka akaacha darasa ili wasikutane.

Basi akakaa na neno lake. Kurudi kwa daktari aliona haya. Kumwambia binti yake aliogopa. Akawa anapiga pasi shuka lile lile mara mbili, na usiku anaomba Mungu bila kujua aombe nini, ashukuru au aage.

Tulimwona amekonda, tukambana. Akalitoa neno. Ndugu wa boila akachomoa simu yake ya mtandao.

"Iweke," mama akasema.

"Dada, ni dakika moja tu."

"Simu itaniambia halafu itanyamaza. Mimi nataka mtu nimwangalie usoni. Neno lina mlezi."

Mshona viraka akaondoka mbio mpaka kwa mkunja mashuka, akamkuta anachambua mchele. Akamwambia kwa nini anaitwa. Yule mama aliacha sinia pale pale uani, akaja na viatu viwili tofauti miguuni.

Alipoingia hapa, mpiga pasi hakugeuka. "Nimeambiwa una neno langu," akasema mkunja mashuka.

"Ninalo. Nieleze. Na usinifiche, hata kama ni baya."

Yule mama akasimama pale sista alipokuwa akisimama. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Benign," akasema. "Ni mama mkwe wangu. Yupo nyumbani kwangu. Ananuna, anahamisha sufuria zangu, anaketi pasipotakiwa. Lakini hajawahi kumdhuru mtu, wala hatamdhuru. Uvimbe wako ni wa namna hiyo, shoga. Upo tu. Hauui."

Kisha ndugu wa boila akaangua kicheko, akaziba mdomo, na sisi wengine tukaangua.

"Rudia," mpiga pasi akasema, bado ametupa mgongo.

"Hauui. Kesho tunakwenda wote wawili kwa daktari, akuambie mwenyewe kwa lugha ya nyumbani." Walikwenda kweli, mgeni rasmi, na daktari akasema hivyo hivyo.

Ila jioni ile hilo lilikuwa bado. Mpiga pasi akageuka. Uso ulikuwa umelowa wote. Akaushika mkono wa mwenzake kwa mikono yake miwili, akaukandamiza pale pale chini ya kwapa penye uvimbe, kama anayemtambulisha mgeni. Halafu akauachia, akachomoa waya wa pasi, akajitanda mtandio wake, akaenda nyumbani kwa binti yake kumweleza neno lile.