Dakika Tatu za Wimbo wa Matanga

Mvua ya mji wa bandari wa Buenaventura ilikuwa imepumzika kidogo, na benchi la Benilda muuza kahawa lilikuwa limekauka upande mmoja tu, basi wote wakabanana upande huo. Msumari, fundi wa majeneza, alipakata mfuko wake wa misumari kama amepakata mjukuu. Meya, ambaye hajapata kuwa meya wa chochote, alipakia meli bandarini miaka thelathini na sasa kazi yake ni kuijua serikali. Redio alikuwa wima, maana muuza kamba wa baharini yule hawezi kusema akiwa ameketi. Na mwisho kabisa wa benchi alikaa Bi Nasaria, mwimbaji wa matanga. Alinunua vikombe viwili vya kahawa kama kila asubuhi, kimoja akakishika, kingine akakiweka kando yake. Mwanawe Arley alitoka miaka sita iliyopita kwenda kununua mtungi wa gesi, mpaka leo. Pale kando hakai mtu, na kikombe kile hakiulizwi. Kikipoa, Benilda hukimwaga mferejini bila neno.

Jumatano hiyo Redio alikuwa na fomu ya manispaa mkononi. Kulikuwa na fungu la fedha kwa wasanii wa mitaani wanaotetea haki za watu, na Bi Nasaria na wenzake kumi na mmoja walilitaka. Wao huwaimbia vijana waliouawa na waliopotezwa, kisha huenda na picha zao kusimama mbele ya ofisi ya upelelezi, wadai watafutwe. Sasa walitaka mafuta ya boti wavifikie vijiji vya ndani ya mikoko, ambako akina mama wana watoto waliopotea na hawana wa kuwaimbia.

— Hapa wanauliza sanaa yako ni ya aina gani, alisema Redio.

— Ngoja kwanza, akadakia Msumari. Kulia maiti nako ni sanaa?

— Kama si sanaa, mbona wewe ukilia paka wanahama?

— Aa, Redio! Mimi nauliza tu.

— Na hapa: eleza mabadiliko utakayoleta katika jamii.

Bi Nasaria akapuliza kahawa yake.

— Andika, watu watajua majina yao.

Redio akaandika, ulimi nje. Kisha akafika chini ya ukurasa, akanyamaza. Redio kunyamaza ni jambo, hata Benilda akageuka.

— Wanataka video. Dakika tatu, tukiimba. Ijumaa saa sita mchana mlango unafungwa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wimbo wa matanga hauimbwi bila marehemu. Bi Nasaria aliupokea kwa mama yake na sharti hilo, na tangu siku hiyo hajaufungulia kinywa bure, hata jikoni, hata kumfundisha mtu. Na matangani kwao simu huachwa mlangoni pamoja na viatu vya matope, kwa hiyo video ya zamani hakuna.

— Basi tungoje msiba, alisema Msumari.

— Wiki hii hajafa mtu, alijibu Redio.

— Hata mgonjwa?

— Mzee wa kona alikuwa mahututi, leo nimemwona anakula matunda ya chontaduro kwa chumvi.

— Mtu hana shukrani yule!

— Lione hili! Mwaka mzima tunamwomba Mungu watu wasife, leo unalalamika?

— Silalamiki. Natazama biashara.

Meya akakohoa, kikohozi chake cha kutoa siri za serikali.

— Ninyi hamjiulizi video ya nini. Wanaitaka sauti ya Bi Nasaria. Wakishaipata wanaitia kwenye mashine. Mtu akifa, unabonyeza, mashine inalia yenyewe.

— Na nani atakunywa aguardiente, pombe ya matanga, mashine? akauliza Redio.

— Manispaa ndiyo itakunywa! Hujui serikali wewe.

— Mimi nina jawabu, akasema Msumari. Nalala ndani ya jeneza. Ninalo jipya, halijapakwa rangi. Dakika tatu tu, Bi Nasaria anaimba, nafufuka, tunakwenda zetu.

— Utakoroma, Msumari.

— Nitajizuia.

— Mkeo anasema hujawahi.

— Friji yako si ilikufa Jumatatu, wewe Redio? Iimbiwe hiyo!

— Ilikufa na kilo arobaini za kamba ndani, nami niliilia kuliko watakavyokulilia wewe.

— Imbieni manispaa yenyewe, alisema Meya. Hiyo ilikufa zamani, imekosa wa kuizika tu.

Walicheka mpaka benchi likalia. Bi Nasaria naye alicheka, bega likamtikisika, lakini mkono mmoja ulikuwa umekikinga kile kikombe cha pili kisimwagike.

— Wimbo huo una safari, alisema walipotulia. Unakwenda kwa mtu. Ukiutoa bila mtu, unatafuta wa kumchukua. Siutoi mimi ukaingia nyumba ya jirani.

— Lakini Bi Nasaria, mwenzangu, akasema Redio, na safari hii polepole. Mtoto wa Policarpa, naye aliyepotezwa, tulimwimbia bila mwili. Tuliweka picha na mishumaa. Picha ilitosha.

— Ilitosha kwa sababu Policarpa alisimama mbele ya watu akasema, mwanangu amekufa. Mama ndiye husema. Hasemewi.

Msumari alianza kuhesabu misumari yake. Meya aliitazama mvua iliyokuwa inarudi juu ya paa za mabati. Wote walikuwa wanatazama kila mahali isipokuwa pahali pamoja.

— Kahawa imekwisha, alisema Benilda ili tu aseme kitu, akatikisa chupa ya mwisho.

Wakati huo akapanda kutoka gatini mtu mmoja mgeni, mwenye boti ya ndizi kutoka juu mtoni, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni, meno yanagongana.

— Hamjambo wazee wangu. Mama, nipatie kahawa, nimekesha mtoni.

— Pole, baba. Imekwisha sasa hivi.

Mgeni akalitazama benchi, akaona nafasi kavu, na kikombe kilichojaa hakijaguswa.

— Hiki je, kina mwenyewe?

Benilda aliikumbatia chupa yake tupu.

Bi Nasaria alikitazama kile kikombe kwa muda. Mvua ikafika, ikapiga mabati, naye bado anatazama. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akamnyooshea mgeni.

— Kunywa, baba. Mwenyewe hatakuja. Kaa hapo, pakavu.

Mgeni akaketi. Msumari akavua kofia.

— Redio, alisema Bi Nasaria, simu yako inachukua picha vizuri?

— Inachukua, Bi Nasaria.

— Waambie wenzetu waje kwangu kesho asubuhi, na mishumaa. Picha ya Arley ninayo, nitaifuta vumbi mwenyewe.

Mgeni alipiga funda, akakunja uso kidogo.

— Imepoa, mama.

— Najua, mwanangu. Imekaa miaka sita.