Mkono Mwepesi wa Maabara ya Ini: Shangazi Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mtaalamu mwandamizi wa maabara katika kitengo chetu cha utafiti wa ini anastaafu tarehe 30 Juni. Sote humwita Shangazi, kuanzia mkuu wa kitengo hadi mlinzi wa getini, na asiyemwita hivyo bado ni mgeni. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila siahidi. Shangazi mwenyewe ameshasoma kila mstari na amenikataza kufuta hata mmoja.

Alianza kazi katika maabara kuu, ghorofa ya chini, kwenye dirisha la kutolea damu. Wagonjwa walimpenda kwa mkono wake mwepesi: sindano iliingia na kutoka wewe bado umefumba macho. Dhambi kubwa ya ghorofa ile ilikuwa damu kuganda ndani ya chupa. Ikiganda, kipimo kimeharibika, na mgonjwa lazima arudi achomwe tena. Kwa hiyo Shangazi alijifunza kutikisa. Kila chupa ilipata mtikiso wa nguvu ili dawa ya kuzuia kuganda ichanganyike barabara. Alipohamia kwetu alikuja na mtindo huo, tukausifu, tukauiga. Tulimtania kwamba akipewa maziwa atatoa siagi.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, kitengo chetu huchunguza vipande vidogo sana vya RNA. Ndani ya seli, jeni hutuma ujumbe wa kutengeneza protini, na vipande hivi huuzuia ujumbe huo inapobidi. Shangazi aliwaambia wageni kuwa ni breki. Breki zikilegea, ini lililokaa na virusi kwa miaka mingi hujaa makovu, na baadhi ya seli huanza kukimbia bila kusimama, ndiyo saratani yenyewe. Vipo vingine vinavyofanya kinyume, vinauchochea uvimbe ukue. Kilichotupa tamaa ni kwamba vipande hivi huvuja kutoka kwenye ini na kuingia kwenye damu. Maana yake ini lingeweza kutupa taarifa mapema, kabla mwenye ini hajahisi lolote.

Tukachagua kipande kimoja kinachotoka kwenye ini, tukakilinganisha na kingine tulichoamini hakibadiliki, kama mzazi anavyompima mtoto urefu kwenye fremu ya mlango. Cha ini kikipanda kuliko kawaida mbele ya fremu, mtu yuko hatarini. Kisipopanda, ini limetulia. Watu wenye virusi vya ini walijiandikisha kwa wingi, wakawa wanakuja kupimwa kila mwaka. Tulipongezwa, tukapigwa picha. Shangazi amesimama katikati ya picha ile, anacheka mpaka macho yamefumba.

Miongoni mwa waliojiandikisha ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, ambaye wengi wenu mnamjua kwa sababu ndiye aliyetushonea makoti meupe. Huyo hakuingia maabara kimyakimya. "Wanyonya damu, hamjambo?" ndiyo ilikuwa hodi yake. Hakumruhusu mtu yeyote amchome ila dada yake. Na Shangazi, kwa mapenzi, damu ya mdogo wake aliitikisa kuliko zote. Kila mwaka jibu lilikuwa zuri. Fundi alipolalamikia foleni ya kupigwa picha ya ini, Shangazi alimwambia, "Achana na foleni hizo, mdogo wangu. Ini lako limetulia." Fundi akaachana nazo.

Mwaka jana Shangazi alikwenda likizo, nikaachiwa kazi yake. Mkono wangu ni mzito, na hakuna asiyejua kwamba sipendi kujichosha. Chupa nilizipindua taratibu mara chache, nikaziweka kwenye barafu, basi. Majibu yalipotoka, watu waliokuwa salama miaka yote walionekana wagonjwa. Mkuu wa kitengo aliniita ofisini, na aliyoniambia hayaandikiki katika jarida hili. Shangazi aliporudi naye akanipa yangu: "Wewe nawe! Kutikisa tu kumekushinda?"

Lakini hakuishia kunigombeza. Alitoa damu yake mwenyewe, akaigawa katika chupa mbili. Moja aliitikisa kwa mtindo wake, nyingine akaipindua kivivu kama mimi. Zilipotoka kwenye mashine ya kuzungusha, maji ya damu katika chupa ya kwanza yalikuwa na wekundu hafifu, ule tuliouzoea kiasi cha kutouona tena. Seli nyekundu zilikuwa zinapasuka kwa mtikiso. Na kile kipande tulichokifanya fremu, kumbe kimejaa tele ndani ya seli hizo. Kila tulipotikisa, fremu ilirefuka, na mtoto akaonekana mfupi. Ini lilikuwa linapiga kelele, sisi tunaandika kwamba limetulia. Shangazi alivua glavu, akatoka nje kumpigia simu mdogo wake.

Fundi alipigwa picha wiki ileile. Uvimbe ulikuwa umeshika pande zote mbili za ini na kuingia kwenye mshipa mkubwa. Daktari wa upasuaji alituambia, bila nia ya kumuumiza mtu, kwamba ungeonekana miaka miwili nyuma ungekatwa.

Kosa lilikuwa letu sote, na taarifa ya kitengo imesema hivyo waziwazi. Shangazi haikubali taarifa hiyo. Ndiye aliyewapigia simu washiriki kuwaita upya, na hakutaka kusaidiwa. Wengi wamekutwa salama. Wengine wamechelewa kama fundi. Baadhi ya simu zilipokelewa na wajane. Siku hizi chupa zetu hupinduliwa taratibu, na hatupimi damu yoyote kabla ya kupima wekundu wa maji yake. Maabara nyingine zimeanza kutuiga. Nimeambiwa niyaandike haya kama mafanikio, nami nimeyaandika. Vipande vile havikutudanganya hata mara moja, sisi ndio hatukujua kuvisoma. Sasa tunavisoma sawasawa, na bado hatuna dawa ya kumrudishia fundi breki zake. Inakatisha tamaa, na sioni sababu ya kusema vinginevyo.

Uongozi ulimpa Shangazi mkataba wa nyongeza, akaukataa. Anahamia kwa mdogo wake, kwenye chumba cha mbele ambako cherehani imesogezwa ukutani ili kitanda kipate nafasi. Nimewatembelea. Fundi amekonda sana, macho yamegeuka manjano, utani bado anao. Hajamlaumu dada yake kwa neno lolote, na Shangazi anasema afadhali angemlaumu. Kila anapoanza, "Mdogo wangu, ile damu yako...", fundi humkatiza: "Dada, niletee maji." Shangazi huinuka kwenda kuleta maji. Siku niliyokwenda, kando ya kitanda zilikuwepo glasi kadhaa zimejaa pomoni, hakuna hata moja iliyoguswa.

Shangazi, asante kwa miaka yote hiyo, kwa kutufundisha kazi na kwa kutugombeza tulipostahili. Asante hata kwa zile chupa mbili za damu yako, ambazo mtu mwingine angezimwaga akanyamaza. Tulikuwa tumepanga kukutakia mapumziko mema, lakini tunajua huendi kupumzika. Tunachokutakia ni kidogo, na tunaomba kisichelewe: siku moja uanze kusema, na mdogo wako asiombe maji.