Aliyekuja Kushona Viti Akaishia Kwenye Shokapu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Asubuhi ina manyunyu, bati linavuja mlangoni kama kawaida, na spana zimepoa kama samaki. Fundi wetu wa shokapu, ambaye wote tunamwita Mama Springi, anastaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana hii ya pikipiki za watumishi. Anaondoka na afya yake, meno yake yote na, tunavyoamini sisi wa stoo, bisibisi zetu nzuri zote.

Hakuajiriwa kutengeneza shokapu. Aliajiriwa kushona viti vya pikipiki. Wakati ule madereva wa pikipiki za milimani, zile ndefu zenye matairi ya meno, walikuwa wakirudi wameshika viuno na kulaumu kiti. Fomeni naye akawa anaagiza sponji iongezwe. Viti vikapanda, vikapanda, hadi madereva wafupi wakawa wanakanyaga kreti ya soda ili wafike juu. Siku moja Mama Springi aliweka sindano mezani akatangaza, "Nimechoka kusingiziwa. Sponji haina kosa, kosa liko chini yake." Fomeni akamjibu, "Basi shuka huko chini." Akashuka. Hakupanda tena.

Huko chini ndiko iliko shokapu ya nyuma: springi nene iliyozunguka mtungi wenye oili na gesi. Springi hubeba mzigo, oili huizuia springi isirushe watu kama mbuzi mwenye hasira. Ndani ya miaka michache hakuna aliyeijua kama yeye, na hilo alituambia yeye mwenyewe, mara nyingi.

Hatutamsifu kwa unyenyekevu, maana tutakuwa tunaongopa hadharani. Alijisifu mpaka akachoka, kisha akamwomba mwenzake ampokee. Sauti yake ilitosha kulegeza nati zilizoshinda spana. Mkuu wa uchukuzi alipachikwa naye jina la Breki, kwa kuwa kila ombi likifika kwake husimama. Mzee huyo, ambaye naye alishastaafu, yumo miongoni mwa wageni wetu leo. Tunamwomba acheke.

Kazi iliyomjengea Mama Springi jina ilianza kwa kuharibu. Muuguzi wa chanjo, mama mwenye mwili wake na kicheko chake, alikuwa akipanda mlimani kila juma na sanduku la chanjo nyuma ya kiti. Alileta pikipiki akisema, "Fundi, nyuma ni ngumu kama jiwe. Nilainishie." Mama Springi akailegeza springi. Muuguzi akarudi akitembea kama bata. "Bado ngumu, fundi, tena imezidi." Akailegeza zaidi, akaijaribu mwenyewe uani, akaapa kwamba sasa ni godoro. Na kwake ilikuwa godoro kweli: ni mwembamba kiasi kwamba akipanda pikipiki, tairi halipati habari.

Mara ya tatu muuguzi alikuja na maneno ya daktari. Mgongo ukiendelea hivi, ashuke kwenye pikipiki moja kwa moja. Gari halifiki kule juu, na hakukuwa na muuguzi mwingine wa kupanda. Angeshuka yeye, watoto wa mlimani wasingechanjwa. Mkuu wa uchukuzi akashauri sponji iongezwe. Alichojibiwa hatukichapi, kwa sababu jarida hili husomwa pia na watoto wa watumishi.

Asubuhi iliyofuata Mama Springi alidai apakiwe. Akajibana kati ya muuguzi na sanduku kama barua ndani ya bahasha, wakaanza mlima. Kwenye korongo la kwanza akasikia chini yake, ko! La pili, ko! Akapiga kelele, "Simama, sista, simama! Kumbe mimi ni mjinga!" Muuguzi akamjibu bila kugeuka, "Ujinga utasubiri, dada. Chanjo haisubiri." Wakaenda hivyo hivyo hadi kileleni, ko kwa ko.

Springi haikuwa ngumu hata kidogo. Ilikuwa laini mno kwa mzigo ule, ikizama mpaka mwisho na kugonga chuma, na mgongo wa muuguzi ukaliita pigo hilo ugumu. Kila alipoilegeza, fundi wetu alikuwa akilisogeza pigo karibu. "Mtu anazama, mimi namwongezea maji," alisema aliporudi ametapakaa tope, kwa sauti ile ile aliyozoea kujisifia.

Akaifungua shokapu. Oili imekuwa maji meusi, sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, imechanika, gesi imetoroka zamani. Akafunga sili mpya, akaweka oili nzito zaidi, akajaza gesi. Kisha akatuganda stoo mpaka tukampa springi nene iliyoagizwa kwa ajili ya pikipiki kubwa, akaichongea pete ya kuikalia. Mwishowe akamkalisha muuguzi na sanduku lake lote, akapima pikipiki inazama kiasi gani, akakaza, akapima tena. Muuguzi akaenda kuyatafuta mashimo ya barabarani kwa makusudi, akarudi na mashaka usoni.

"Fundi, umeniwekea springi ngumu?"

"Ngumu kuliko roho ya Breki."

"Mbona imekuwa laini?"

Tangu hapo ikawa sheria: shokapu haiguswi kabla mwenye pikipiki hajaikalia na mzigo wake kamili. Mama Springi akaiita kikao, akawa anaandika ubaoni, "Kikao saa nne." Mhasibu mpya alifika saa nne kamili na faili kwapani, akauliza ajenda. Akaambiwa, "Ajenda ni wewe. Kaa." Mpima ardhi aliyekuja na mkoba mtupu kwa kuuonea haya uzito wa mzigo wake alirudishwa akachukue vyuma vyake vyote, pamoja na chakula chake cha mchana.

Mafundi aliowafundisha wanabaki, na kelele zake wameshazirithi. Tunamshukuru mume wake, aliyevumilia harufu ya oili mezani, na wanawe, waliokua wakiamini kila mama anatembea na spana mfukoni.

Sherehe inaanza saa nane. Muuguzi wa chanjo tulimwekea kiti cha mbele, lakini alfajiri ametuma neno kwamba leo ni zamu ya mlimani na hawezi kuiahirisha, kwani baadhi ya watoto aliowachanja mwanzoni sasa wanamletea watoto wao. Tulipomweleza Mama Springi, aliuliza jambo moja tu: "Amepanda na sanduku?" Tukamwambia amepanda nalo. "Basi kiti hicho asikikalie mtu," akasema, akageuka upande wa pili kufuta mikono ambayo ilikuwa safi.

Ahsante, fundi, kwa migongo yetu. Tunakuombea asubuhi za kulala mpaka jua liwe kali, na uzima wa kuzifaidi.